Urani ya Manyoni na Siasa ya Bomu: Tanzania Inalinda Nini, Inalinda Vipi?

Barabara kuu itokayo Dodoma huipita Bahi na Kintinku, ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Manyoni, kisha ikaendelea hadi Singida mjini. Usiku na mchana hupita malori yenye shehena za Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Watanzania wengi wanaujua mkoa wa Singida kwa kuku wake wa kienyeji, mafuta ya alizeti na vitunguu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba chini ya mbuga za Manyoni, kina cha mita chache tu, kuna urani, madini ambayo huendesha vinu vya umeme na ambayo, yakirutubishwa vya kutosha, hugeuka kuwa bomu.

Nchi isiyo na bomu, isiyolitaka, na isiyo na hata kinu kimoja cha nyuklia inahusikaje na kuzuia silaha hizo zisienee? Inahusika sana, ila si pale tulipozoea kutazama. Kwa zaidi ya miaka 60 Tanzania imesema maneno mazito dhidi ya bomu kwenye majukwaa ya dunia. Udhaifu wake umejitokeza kwingine: bandarini, kwenye daftari la usajili wa meli, na kwenye mikataba ya ununuzi. Urani ya Manyoni ikichimbwa, itapita njia hizohizo.

Tani 80,000 za udongo, mapipa 30

Habari ya urani katika Tanzania ya kati si mpya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Kijerumani ya Uranerzbergbau ilikuwa nchini ikifanya utafiti. Miaka ya 2000, bei ya urani ilipopanda hadi kupita dola 130 kwa ratili katikati ya mwaka 2007, kampuni ya Uranex ya Australia ilichoronga Manyoni na Bahi na kutangaza kuwa imepata mashapo. Machi 2011 ikaja ajali ya Fukushima nchini Japani, bei ikaporomoka. Mwaka 2014 Uranex ilibadili jina, ikawa Magnis Resources, na kuelekeza nguvu kwenye madini ya kinywe ya Nachu, Lindi. Miaka kumi baadaye, 2024, dunia ilipoanza tena kuzungumzia nyuklia kama umeme usiochafua hewa, kampuni nyingine ya Australia, Moab Minerals, ilinunua hisa katika mradi wa Manyoni.

Mashapo ya Manyoni ni ya daraja la chini, gramu mia na kitu za oksidi ya urani katika tani moja ya udongo. Tuchukue gramu 140 kwa ajili ya hesabu. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) huhesabu tani 10 za urani asilia kuwa ndicho kiasi ambacho, kikipotea, haiwezi kusemwa kwa uhakika kwamba hakuna bomu linaloweza kutengenezwa. Kuzipata tani hizo Manyoni ni lazima uchimbe na kusafisha zaidi ya tani 80,000 za udongo, ambazo kwa lori la tani 30 ni karibu safari 2,800. Hakuna mwizi wala mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Sambaru au Londoni, hapahapa Singida, mwenye uwezo huo. Hadithi za mtu kubeba urani kwenye mfuko wa rambo na kuitafutia mteja mjini ni za matapeli, sawa na zile za zebaki nyekundu.

Lakini hesabu hugeuka baada ya kiwanda. Udongo ukishasafishwa unabaki unga wa manjano, ambao wachimbaji huuita keki ya njano, nao hupakiwa kwenye mapipa ya chuma ya lita 200. Pipa moja hubeba takriban kilo 400. Zile tani 80,000 zilizoshinda misafara ya malori sasa ni mapipa kama 30, yanayoenea kwenye kontena moja la futi 20, juu ya lori moja, na dereva mmoja akiwa na karatasi zake. Bado si bomu. Urani asilia ina asilimia 0.7 tu ya aina inayopasuka, ilhali vinu vingi vya umeme huhitaji asilimia 3 hadi 5, na bomu karibu 90. Kazi hiyo ya kurutubisha inataka mitambo, fedha na wataalamu walio katika nchi chache duniani. Hata hivyo, nchi hizo chache nazo huanza na mapipa kama haya.

Ndiyo maana kulinda shimo ni kazi ndogo. Kazi ya kuzuia kuenea kwa silaha huanzia kwenye mlango wa kiwanda na kuishia kwa mnunuzi.

Kauli ya miaka sitini

Afrika iliujua ubaya wa bomu mapema. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ilililipua bomu lake la kwanza Reggane, jangwani Algeria, na hadi 1966 ilikuwa imefanya majaribio 17 katika nchi hiyo. Ghana ilizuia mali za Wafaransa, Nigeria ikamfukuza balozi wao. Julai 1964, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipokutana Cairo, viongozi walitoa tamko la kutaka bara lisiwe na silaha za nyuklia. Tanganyika ilikuwa imeungana na Zanzibar miezi mitatu tu kabla ya hapo.

Mei 1984 Mwalimu Julius Nyerere alijiunga na Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden, Andreas Papandreou wa Ugiriki, Raúl Alfonsín wa Argentina na Miguel de la Madrid wa Mexico kutoa wito kwa mataifa yenye mabomu yasitishe kuyajaribu, kuyaunda na kuyasambaza. Januari 1985 viongozi wa nchi hizo sita walikutana Delhi wakarudia wito huo. Hoja yao ilikuwa kwamba vita ya nyuklia haichagui aliyemo na asiyekuwemo, kwa hiyo hata asiye na bomu ana haki ya kuhoji.

Hata hivyo Tanzania hiyohiyo ilikaa nje ya Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia (NPT) kwa zaidi ya miaka 20 tangu mkataba ulipofunguliwa mwaka 1968. Nchi nyingi zisizofungamana na upande wowote ziliuona mkataba huo kuwa wa upendeleo, kwa sababu ulizitambua nchi tano, Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China, kuwa na bomu, na wengine wote ukawakataza. Isitoshe, kusini kulikuwa na utawala wa makaburu ambao ulikuwa ukiunda bomu kwa siri. Tanzania, iliyokuwa mstari wa mbele kuupinga utawala huo, ilijiunga na NPT mwaka 1991, mwaka uleule Afrika Kusini ilipojiunga.

Miaka miwili baadaye, Machi 1993, Rais F. W. de Klerk alikiri bungeni kwamba nchi yake ilikuwa imeunda mabomu sita na kuyateketeza. Hakuna nchi nyingine iliyotengeneza bomu yenyewe kisha ikaliacha lote. Kituo cha Pelindaba, karibu na Pretoria, kilichokuwa kitovu cha utafiti wa nyuklia wa nchi hiyo, ndicho kilichoupa jina mkataba wa Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Ulitiwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996, wakati Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika akiwa Mtanzania kutoka Zanzibar, Dk. Salim Ahmed Salim. Tanzania iliuridhia mwaka 1998, na Julai 2009 Burundi ilipokuwa nchi ya 28 kuuridhia, ukaanza kufanya kazi.

Orodha inaendelea. Mwaka 2004 Tanzania iliridhia mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia. Dar es Salaam ina kituo cha mtandao wa dunia wa kusikiliza majaribio hayo, ambako hewa huvutwa kupitia kichujio kwa saa 24, kichujio huachwa kipoe saa 24 nyingine, kisha hupimwa kwa saa 24 kuona kama kimenasa chembe zenye mionzi. Kilimambogo, Kenya, kuna kituo kingine kinachosikiliza mitikisiko ya ardhi. Mwaka 2005 mkataba wa ukaguzi kati ya Tanzania na IAEA ulianza kutumika pamoja na Itifaki yake ya Nyongeza, inayowapa wakaguzi haki ya kuuliza hata habari za migodi. Septemba 2019 nchi ilitia saini mkataba mpya wa kupiga marufuku silaha za nyuklia kabisa, ingawa miaka kadhaa baadaye ulikuwa bado haujaridhiwa. Kwenye makaratasi, orodha yetu ni ndefu.

Milango mitatu iliyoachwa wazi

Tugeukie sasa upande wa pili wa daftari.

Mlango wa kwanza ni wa barabara na bandari. Urani iliyotumika kuunda bomu la Hiroshima ilitoka kwa sehemu kubwa mgodi wa Shinkolobwe, Katanga. Mgodi huo ulifungwa kwa amri ya rais wa Kongo mwaka 2004, lakini wachimbaji wadogo waliendelea kuuparura wakitafuta kobalti na shaba. Julai 2006 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wakifuatilia vikwazo vya silaha Kongo waliandika kwamba Serikali ya Tanzania iliwapa taarifa chache kuhusu shehena nne za vitu vya mionzi zilizokamatwa katika miaka kumi, na kwamba ile ya Oktoba 2005 ilitoka Lubumbashi kwa barabara kupitia Zambia. Wataalamu walilalamika kwamba hawakuambiwa kiasi, ubora, wala jinsi shehena hizo zilivyogunduliwa. Agosti mwaka huo gazeti la Sunday Times la Uingereza likaripoti kwamba shehena hiyo ilikuwa ya koltani yenye urani ndani yake, iliyokuwa ipitie bandari ya Bandar Abbas, Iran.

Hapa inafaa kuwa makini. Koltani ya Kongo mara nyingi huwa na urani na thoriamu kidogo kwa asili yake, kwa hiyo kipimo kikilia haimaanishi kwamba kuna mtu anaiba bomu. Anayeweza kutofautisha ni mtaalamu mwenye kifaa cha kutambua aina ya mionzi na maabara ya kuthibitisha. Kwa hiyo sifa ya kukamata shehena ile ilikuwa ya Tanzania, na lawama ya kushindwa kueleza ilikamatwa nini nayo ikawa ya Tanzania. Serikali iliponyamaza, gazeti la London ndilo lililoandika historia yetu.

Mlango wa pili ni wa bendera. Juni 2012, Iran ikiwa chini ya vikwazo kwa sababu ya mpango wake wa nyuklia, mbunge wa Marekani Howard Berman alimwandikia Rais Jakaya Kikwete akilalamika kwamba meli za mafuta za Iran zilikuwa zikipeperusha bendera ya Tanzania. Agosti, Waziri wa Mambo ya Nje, Bernard Membe, alithibitisha kwamba meli 36 zilikuwa zimesajiliwa kupitia wakala aliyekuwa Dubai, na kwamba usajili wake ungefutwa. Meli hizo ziliingia kwenye daftari la Zanzibar, na mwenye kalamu alikuwa ng'ambo. Miaka mitano baadaye tatizo lilikuwa bado linaishi. Januari 2018, baada ya meli mbili zenye bendera yetu kukamatwa ng'ambo, moja na dawa za kulevya na nyingine na vifaa vya milipuko, Rais John Magufuli aliamuru usajili wa meli za nje usimame.

Mlango wa tatu ni wa manunuzi. Septemba 2017 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Korea Kaskazini liliripoti kwamba lilikuwa likichunguza mkataba wa euro milioni 10.49 ambao kampuni ya nchi hiyo, Haegeumgang, ilidaiwa kuwa nao nchini wa kukarabati makombora ya kujihami ya Pechora na rada. Makombora hayo si ya nyuklia. Lakini vikwazo dhidi ya Pyongyang, vilivyoanza mwaka 2006 baada ya jaribio lake la kwanza, vinakataza biashara ya silaha kwa sababu fedha yake huishia kwenye bomu.

Matukio haya matatu yanafanana. Katika yote, hakuna kiongozi aliyesimama kusema Tanzania inataka bomu lienee, na hakuna mkataba uliokuwa umekosa saini. Kilichokosekana ni mtu mwenye wajibu wa kuuliza swali kabla ya muhuri kugongwa. Azimio 1540 la Baraza la Usalama la mwaka 2004 linazitaka nchi zote kuwa na sheria na ukaguzi wa kuzuia vitu vya nyuklia visiwafikie watu wasiohusika. Wajibu huo hautimizwi New York. Unatimizwa na ofisa forodha wa zamu.

Tume ndogo, kazi kubwa

Mlinzi wetu katika jambo hili ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), iliyoundwa kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003 na kuchukua nafasi ya Tume ya Taifa ya Mionzi ya mwaka 1983. Mfanyabiashara wa Singida anayepeleka mazao nje ya nchi anaijua kwa cheti cha mionzi anachotakiwa kukipata kabla mzigo haujaondoka, na hospitali zinaijua kwa ukaguzi wa mashine za eksirei. Huo ndio mzigo wake wa kila siku. Tume hiyohiyo ndiyo inayotakiwa kutoa leseni, kukagua mgodi wa urani, kuhesabu mapipa na kuandika ripoti kwenda IAEA, Vienna.

Kwenye madini kuna mwenye nyumba mwingine. Leseni ya kuchimba hutolewa na Tume ya Madini chini ya Sheria ya Madini ya 2010, ambayo ina kanuni zake kuhusu madini ya mionzi. Mazingira yana NEMC, barabara ina TANROADS na mizani zake, bandari ina TPA, kodi ina TRA. Kila mmoja ana kipande, na pipa hupita mikononi mwa wote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa urani inafaa kuongeza kwamba madaftari sita yasiyosomana ni sawa na kutokuwa na daftari.

Jirani wa karibu wa kujifunza kwake ni sisi wenyewe, Namtumbo, Ruvuma. Mradi wa urani wa Mto Mkuju ulianzishwa na Mantra ya Australia, ukanunuliwa na Rosatom ya Urusi, na mwaka 2012 mpaka wa Pori la Akiba la Selous ulirekebishwa kwa ridhaa ya Kamati ya Urithi wa Dunia ili kuupisha. Mwaka 2013 wataalamu wa IAEA walikuja kukagua utayari wa nchi kwa uzalishaji wa urani. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio, huku mpango ukiwa ni kuzalisha hadi tani 3,000 kwa mwaka hapo baadaye. Chochote tutakachozoea kufanya Namtumbo, kizuri au kibovu, ndicho kitakachohamia Manyoni.

Swali la mnunuzi

Sehemu ngumu zaidi ya sera hii haizungumzwi sana. Mkataba wa Pelindaba unakataza kuiuzia urani nchi isiyo na bomu iwapo haiko chini ya ukaguzi kamili wa IAEA. Kwa nchi zilizokwisha kuwa na bomu, mkataba hausemi hivyo. Mkataba wetu wa ukaguzi nao, kwa utaratibu unaofanana na wa nchi nyingine, unalazimisha kutoa taarifa ya urani ghafi inapouzwa kwa nchi isiyo na bomu. Matokeo yake ni kichekesho kichungu. Aliye mbali na bomu anaulizwa maswali mengi kuliko aliyelala nalo.

Zipo nchi zilizoziba pengo hilo zenyewe. Australia haiuzi urani kwa nchi yoyote, hata yenye bomu, bila mkataba wa nchi kwa nchi unaosema itatumika kwa amani tu na itafuatiliwa hadi mwisho wa matumizi. Ilitia saini mkataba wa aina hiyo na Urusi mwaka 2007. Huo ndio msimamo unaofanana na sauti ya Nyerere ya 1984, na unaweza kuandikwa kwenye sheria yetu kuwa sharti la kila mauzo, bila kujali mnunuzi ni rafiki au si rafiki.

Wapo watakaosema masharti mengi humfukuza mwekezaji. Hoja hiyo ina uzito kwa madini yenye wauzaji wengi na siri nyingi. Soko la urani halina sifa hiyo. Wanunuzi ni wachache, wanajulikana, na makampuni ya umeme ya Ulaya, Asia na Marekani yamezoea kuulizwa maswali haya. Wengine watasema Singida ni maskini, ichimbe kwanza, mengine baadaye. Lakini gharama ya uzembe nayo inalipwa na maskini. Orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, orodha ambayo Tanzania iliingia Oktoba 2022 na kutoka Juni 2025, hupima pamoja na mengine jinsi nchi inavyozuia fedha za kueneza silaha za maangamizi. Benki za nje zikiwa na shaka na nchi, hata mwenye kiwanda cha kukamua alizeti hucheleweshewa malipo yake.

Kinachopaswa kufanyika kabla ya jembe kushuka

Singida ina bahati moja ambayo Namtumbo haina tena, nayo ni muda. Manyoni bado ni eneo la utafiti. Mambo manne yafanyike kabla leseni ya uchimbaji haijatolewa.

Kwanza, sheria iweke sharti la matumizi ya amani kwa kila mnunuzi wa urani ya Tanzania, nchi tano zenye bomu zikiwemo. Pili, TAEC iwe na ofisi na wakaguzi Manyoni kwenyewe, wenye vifaa vya kutambua aina ya mionzi, na wahusishwe katika kituo cha ukaguzi wa pamoja wa malori kilichopangwa hapo kwenye barabara ya Ushoroba wa Kati. Kituo hicho kitahudumia pia shehena za koltani zinazopita kila siku, mgodi uwepo usiwepo. Tatu, Serikali itangaze kila mwaka bungeni urani iliyozalishwa, iliyouzwa, na kwa nani, na kama kuna shehena iliyokamatwa, wananchi waambiwe na Serikali yao kabla ya kusoma habari hiyo kwenye gazeti la nje. Nne, daftari la meli liandikwe na mwenye nyumba, wakala wa ng'ambo asiwe na kalamu tena, na mkataba wa 2017 wa kupiga marufuku silaha hizi uridhiwe ili saini ya 2019 iwe na maana.

Madiwani wa Manyoni na wabunge wa Singida wana nafasi ya kuyadai haya sasa, wakati kampuni ndiyo inayowahitaji. Wakulima wa mpunga wa Bahi na Manyoni tayari wanauliza kuhusu maji na vumbi, na wana haki ya kuuliza. Waongeze swali moja kwenye mikutano ya vijiji: pipa la kwanza likitoka hapa, nani atalihesabu, na litafika kwa nani? Kampuni au wizara isiyoweza kulijibu swali hilo kwa maandishi haistahili kupewa leseni.